Kutunza Gari la Haibridi Mombasa: Betri, Joto na Hesabu ya Petroli

Gari la haibridi, yaani lenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme, humfaa zaidi mwenyewe pale ambapo magari mengine huchoma petroli bure, yaani katika foleni ya kivuko cha Likoni au ya daraja la Nyali wakati wa jioni. Likienda polepole na kusimama mara kwa mara, mota ya umeme hubeba sehemu kubwa ya kazi, na kila breki inapokanyagwa sehemu ya nguvu ya mwendo hurudi kwenye betri. Katika safari ya kasi kwenda Nairobi nafuu hiyo hupungua sana, na anayeshinda kwenye barabara hiyo asinunue haibridi kwa kutarajia makubwa.

Anza kwa kupima. Jaza tangi, andika kilomita, na utakapojaza tena ugawanye kilomita ulizokwenda kwa lita ulizotia. Tuseme unakwenda kilomita 1,200 kwa mwezi: gari la kilomita 12 kwa lita litatumia lita 100, na la kilomita 20 kwa lita litatumia lita 60. Zidisha tofauti hiyo ya lita 40 kwa bei ya petroli ya Mombasa ambayo EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, huitangaza tarehe 14 ya kila mwezi, kisha uweke kando walau theluthi moja ya fedha hizo kwa ajili ya betri kubwa, ile inayoendesha mota, maana itachoka siku moja, na asiye na akiba hulazimika kuliuza gari kwa hasara. Matumizi yakipanda pasipo sababu, mwone fundi mapema.

Adui mkubwa wa betri hiyo katika mji wetu ni joto. Katika Toyota Prius na Aqua nyingi zilizoshushwa bandarini kwetu, betri imewekwa nyuma au chini ya kiti cha nyuma, na hupozwa na feni inayovuta hewa ya ndani ya gari. Kwa hiyo kuzima eesi (kiyoyozi) wakati wa kaskazi ili kuokoa petroli ni hesabu mbovu, kwani betri nayo huvuta hiyo hewa ya moto. Usiweke mizigo wala nguo mbele ya tundu la feni. Kila unapofanya sevisi, mwambie fundi asafishe tundu na chujio lake, na feni yenyewe ikiwa imeshika vumbi. Kazi hii ni rahisi, lakini gereji nyingi huiruka. Egesha kivulini kila inapowezekana.

Kuna jambo la eesi ambalo ningependa kila mwenye gari alishike. Kompresa yake, yaani pampu inayosukuma gesi ya kupozea, huendeshwa na umeme wa volti nyingi, na oili yake ni ya aina maalumu isiyopitisha umeme. Fundi akitia oili ya magari ya kawaida, kinga ya umeme ndani ya kompresa huharibika, na ukarabati wake ni ghali. Muulize kabla hajafungua chochote, na usiruhusu mtu asiye na mafunzo na glavu maalumu kugusa nyaya za rangi ya machungwa.

Pedi za breki hudumu kuliko kawaida kwa kuwa mota husaidia kupunguza mwendo, ila chumvi ya bahari hushika pini za kalipa (kibanio cha pedi) zisizofanya kazi sana, hivyo zisafishwe na kupakwa grisi. Inveta, kifaa kinachobadili umeme wa betri ili utumike na mota, nayo ina kulanti (maji ya kupozea) yake. Kiwango chake kikaguliwe.

Betri ikianza kudhoofika, pima kwa kompyuta volti za kila kundi la moduli, yaani vipande vinavyounda betri hiyo, gari likiwa linaendeshwa. Prius za kizazi cha pili na cha tatu zina moduli 28, na moja mbovu hulemaza zote. Kubadilisha moduli moja hukununulia muda tu, kwa sababu zilizobaki ni kongwe vilevile; anayetaka kukaa na gari miaka mingi abadilishe betri nzima na adai waranti ya maandishi.

Anayekwenda Arabuni kikazi amwachie jamaa anayemwamini ufunguo, ili gari liendeshwe walau nusu saa kila wiki, kwani betri inayokaa miezi bila kazi hupoteza chaji na kuchakaa.