Kutengeneza Modeli ya Atomu ya Kaboni kwa Shanga na Waya

Kaboni ni atomu nzuri ya kuanzia, kwa sababu ina protoni 6, nyutroni 6 na elektroni 6, idadi ambayo mtoto huihesabu bila kuchoka. Nunua Kariakoo shanga kubwa 12, nyekundu 6 za protoni na nyeupe 6 za nyutroni, pamoja na shanga ndogo 6 za buluu za elektroni, waya unaopindika kwa mkono, uzi wa mshipi na gundi.

Anza na kiini, yaani sehemu ya katikati ya atomu yenye protoni na nyutroni. Gundisha shanga kubwa moja moja, ukichanganya rangi, mpaka zishikane kama tonge la ugali. Usizitenge nyekundu upande mmoja, kwani ndani ya kiini chembe hizo huchanganyika. Unyevu wa Dar es Salaam, hasa wakati wa masika, huchelewesha gundi ya maji kukauka, nami huona heri kuiacha kazi ilale usiku kucha kuliko kuipuliza kwa pupa.

Kisha pinda waya upate maduara mawili. Tunga shanga 2 za buluu kwenye duara dogo na 4 kwenye kubwa kabla ya kufunga ncha, maana ukishazifunga hazipiti tena. Ning'iniza kiini katikati kwa uzi.

Umbo hili linafuata modeli ya mwanafizikia Niels Bohr ya mwaka 1913; elektroni halisi hazina njia za duara zilizochorwa hivyo. Vipimo navyo vimefupishwa mno: kiini cha sentimita 3 kingetaka elektroni za nje zikae mamia ya mita kutoka hapo, mtaa mwingine kabisa.