Hesabu za Muuza Matoke kwa JavaScript: Hatua za Mwanzo

Huhitaji kununua programu yoyote ili kuanza JavaScript, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, kwa kuwa kivinjari kilichomo kwenye kompyuta yako tayari kinaielewa. Fungua Chrome au Firefox, bonyeza F12, kisha uchague sehemu iliyoandikwa Console. Humo utaandika mistari ifuatayo na kuona jibu papo hapo.

Tumchukue muuza matoke wa soko la Owino, Kampala. Bei ya mkungu haibadiliki leo, kwa hiyo tunaihifadhi kwa const. Fedha za drooni huongezeka kila mteja anapolipa, kwa hiyo tunatumia let.

const bei = 25000;
let droo = 0;
droo = droo + bei;

Ukiandika bei = 30000, utapewa kosa. Maneno const na let yaliingia katika lugha hii mwaka 2015. Mafunzo ya zamani hutumia var, ambalo bado linafanya kazi, ingawa sioni sababu ya anayeanza leo kulizoea.

Penye mtego mkubwa ni aina za thamani. Tarakimu zilizo ndani ya alama za usemi ni maandishi, si namba, na chochote ambacho mteja anakijaza kwenye fomu hufika kikiwa maandishi. Alama ya + ikikutana na maandishi huunganisha badala ya kujumlisha, ndiyo maana "25000" + 5000, yaani mkungu pamoja na nauli ya boda boda, hutoa "250005000". Ajabu ni kwamba "25000" - 5000 hutoa 20000 sawasawa. Geuza maandishi kuwa namba kwanza: Number("25000") + 5000 hutoa 30000.

Lakini sisi huku Uganda tumezoea kuandika 25,000, na Number("25,000") hutoa NaN, yaani thamani hiyo si namba. Hilo angalau linaonekana. Hatari zaidi ni parseInt("25,000"), njia nyingine ya kugeuza maandishi kuwa namba, ambayo husoma hadi kwenye mkato, ikaishia hapo na kukupa 25 bila kulalamika, nawe umepoteza shilingi 24,975. Ondoa mikato kabla ya kugeuza:

Number("25,000".replaceAll(",", ""))

Kwa sababu hiyo hiyo, linganisha thamani kwa === badala ya ==, kwani "25000" == 25000 hukubaliwa kuwa kweli, ilhali === huangalia na aina pia.

Mauzo ya siku huwekwa katika orodha, na kazi inayorudiwa huandikwa mara moja kama funksheni:

const mauzo = [25000, 18000, 30000];
function jumlisha(orodha) {
  let jumla = 0;
  for (const kiasi of orodha) {
    jumla = jumla + kiasi;
  }
  return jumla;
}

Kuhesabu huanzia sifuri, hivyo mauzo[0] ni 25000. Andika jumlisha(mauzo) upate 73000. Kisha andika mauzo.push("12000"), jambo ambalo const hailizuii, kwa kuwa orodha ni ile ile ingawa vilivyomo vimeongezeka. Ukijumlisha tena utapata "7300012000". Badilisha kiasi kuwa Number(kiasi) katika mstari wa kujumlisha, na jibu litakuwa 85000.