SOMO: Unaomba kazi mwaka wa pili na simu haiiti? Anza na daftari

Ndugu zangu, nilimaliza uhasibu nikakaa Mwanza miezi 21 natafuta kazi. Barua zilipita mia, zote zilezile, nabadilisha jina la ofisi tu. Bidii nilikuwa nayo. Kilichonitoa ni kujua nakwamia wapi.

Hatua ya 1: Hesabu maombi yako

Chora safu nne kwenye daftari: tarehe, umeomba wapi, umejibiwa nini, umeishia wapi. Jaza maombi 30 ya mwisho. Mimi nilikuta nimeitwa kwenye usaili mara 1 tu. Na kumbe kila jioni nilikuwa nakariri majibu ya usaili! Ugonjwa wangu ulikuwa kwenye wasifu na barua.

Ukikuta unaitwa lakini unaishia kwenye mchujo, acha kuhangaika na wasifu, rudi kwenye madaftari ya chuo. Mchujo ni mtihani wa kuandika. Ukivuka mchujo ukaanguka kwenye mahojiano, mwombe mtu akuulize maswali huku simu inarekodi, kisha ujisikilize. Inauma, lakini sikiliza mpaka mwisho.

Hatua ya 2: Kagua akaunti yako ya Ajira Portal (tovuti ya kuombea kazi serikalini)

Je, jina la cheti cha kidato cha nne linafanana na la kitambulisho cha taifa (NIDA)? Vyeti vimethibitishwa na wakili? Umeweka cheti chenyewe? Hati ya matokeo haipokelewi badala yake. Kama majina yanapishana, nenda kwa wakili sasa hivi, maana tangazo likishatoka siku hazitoshi.

Hatua ya 3: Omba kazi moja ndogo

Hapa ndipo nilipotokea mimi. Niliingia duka la vifaa vya ujenzi Igoma kununua misumari. Juu ya kaunta kulikuwa na boksi la viatu limejaa risiti za EFD (mashine ya risiti za kodi), nyingine maandishi yameshafifia. Nikamwambia mwenye duka, "Baba, niachie boksi hili siku tatu. Nitakupangia risiti zote kwa mwezi kabla ya tarehe 20, ritani ya VAT, ile taarifa ya kodi ya kila mwezi, isikukute hujajiandaa." Sikutaja ajira. Siku ya tatu nikamrudishia bahasha zenye majina ya miezi, pamoja na karatasi moja ya jumla. Alinilipa, kisha akanipeleka mwenyewe kwa jirani yake wa spea. Duka la tatu ndilo lililoniajiri.

Kwa hiyo tafuta kazi ya siku mbili tatu ambayo mtu anaiona inamsumbua, umtajie hiyohiyo. Ukimaliza, iandike kwenye wasifu: umefanya nini, kwa muda gani. Mstari huo ulinisaidia kuliko ule wa "mchapakazi na mwaminifu".

Hatua ya 4: Waambie watu unataka kazi gani

Ukisema "nitafutie kazi yoyote", mjomba atakuitikia na atasahau. Sema, "Nafunga hesabu za maduka."

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo dada. Mimi ni mwalimu wa Historia, nimemaliza 2019. Nijitolee shuleni au nisubiri?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Jitolee, lakini muombe mkuu wa shule barua yenye tarehe na vipindi unavyofundisha. Siku hizi walimu nao wanafanyiwa usaili, na anayeingia darasani kila wiki somo halimtoki kichwani. Jiwekee ukomo wa muda. Nauli yako nayo ni hela.

Swali: Kuna mtu anataka elfu hamsini ya fomu, anasema nafasi ipo tayari.

Jibu: Usitoe hata mia, tafadhali. Kuomba kazi Ajira Portal ni bure. Nawaonea uchungu wanaouza simu zao kuwalipa watu hawa. Hifadhi meseji zake, ukaripoti polisi.

Swali: Nina miaka sita gereji, cheti sina. Kila kampuni inataka cheti. Nirudi chuo miaka miwili na nina watoto?

Jibu: Hapana kaka, kabla ya hapo nenda chuo cha ufundi cha VETA kilicho karibu nawe, uulizie urasimishaji wa ujuzi. Wanakupima ujuzi ulioupata kazini, wanakuongezea pale palipopungua, ukifaulu unapata cheti. Uliza wanapokea lini na ada ni kiasi gani, na fundi mkuu wako akuandikie barua kwamba umefanya kazi kwake miaka hiyo sita.