Kupima kobalti ya baharini kwa vipande vya matofali

Kila mwaka, tukifika kwenye somo la kobalti, madini ya kutengenezea betri, hapa Lubumbashi, hakosi mtoto wa mtaa wa Katuba wa kuuliza: "Mwalimu, eti kobalti imejaa baharini, ya kwetu haitanunuliwa tena?" Simjibu. Tunatoka uani na mizani.

Chora kwa chaki mraba wa mita moja kila upande. Pima kilo 15 za matofali ya udongo wa kichuguu, yaliyovunjwa vipande vya ukubwa wa kiazi. Viazi vyenyewe usitumie. Mimi nilijaribu, vikachukua nafasi kubwa mno, kwa sababu donge la manganisi, yaani jiwe la sakafu ya bahari lenye kobalti hiyo, lina uzito wa karibu mara mbili ya kiazi cha ukubwa uleule. (Na havikurudi vyote jikoni.) Tandaza vipande visipandane. Ndivyo madonge yalivyolala juu ya tope katika eneo la Clarion-Clipperton, kati ya Hawaii na Mexico, kwenye kina cha mita 4,000 hadi 6,000. Penye neema hufika kilo 15 hivi kwa mita ya mraba, zikiwa na maji yake.

Vunja kipande kimoja. Donge halisi lingekuwa na kiini: jino la papa au kijiwe. Manganisi na chuma kutoka maji ya bahari, na kutoka maji yaliyomo ndani ya tope, hugandia hapo tabaka kwa tabaka kama masizi kwenye sufuria, yakinasa nikeli, shaba na kobalti. Kucha hukua milimita 3 hivi kwa mwezi. Donge huongezeka milimita chache, likibahatika makumi, kwa miaka milioni.

Sasa hesabu. Ondoa maji, asilimia 30 hivi: zinabaki kilo 10.5. Manganisi, asilimia 28, ni karibu kilo 3. Nikeli gramu 136, shaba gramu 115. Kobalti, asilimia 0.2, ni gramu 21. Hapo mimina kijiko kikubwa cha chumvi kilichojaa juu ya karatasi, wote waione.

Upande wa pili usiufiche: eneo lile linakadiriwa kuwa na tani bilioni 21 za madonge. Lakini kilomita moja ya mraba ni tani 21 tu za kobalti, na Kongo hutoa zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka. Waache wagawanye wenyewe.

Safari iliyopita yule wa Katuba alipata 4,762. Akautazama ule mraba wa chaki, akauliza nani atafagia kilomita zote hizo, kila mwaka, gizani.