Namna ya Kukadiria Thamani ya Ngumi katika Mshahara wa Mchezaji wa Hoki ya Barafu

Ukitaka kujua kama mchezaji wa NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu ya Amerika Kaskazini, analipwa kwa ajili ya kupigana ngumi na wapinzani, usianze na mshahara wake mzima, kwa kuwa sehemu ya fedha hizo angelipwa yeyote aliyesajiliwa. Chukua wastani wa malipo yake ya mwaka, toa kima cha chini kilichokubaliwa kati ya ligi na chama cha wachezaji, kisha uulize ziada inayobaki inalipia kitu gani.

Mfano ulio wazi ni Derek Boogaard, mchezaji aliyejulikana kwa kupigana, ambaye mwaka 2010 alisaini na New York Rangers mkataba wa miaka minne wa dola milioni 6.5, yaani wastani wa dola 1,625,000 kwa mwaka, wakati kima cha chini kilikuwa dola 500,000. Ziada ni dola 1,125,000. Katika mechi 255 alizokuwa amecheza kabla ya hapo alifunga mabao mawili tu, kwa hiyo ziada hiyo haielezeki kwa mabao. Iliyolipiwa ni ngumi, pamoja na hofu waliyokuwa nayo wapinzani. Ni nadra hesabu kuwa nyepesi hivi. Mpiganaji anayejua pia kufunga au kuzuia inafaa alinganishwe na mchezaji asiyepigana, ambaye umri wake, mabao yake na dakika zake za uwanjani vinakaribiana na vyake.

Kisha pima gharama kwa timu. Wawili wanaopigana hutolewa kwa dakika tano kila mmoja, lakini kwa kuwa adhabu zinalingana, timu zote hubaki na idadi ileile barafuni. Ugomvi wenyewe, basi, ni wa bei nafuu kuliko unavyoonekana. Ni pale tu refa anapomhesabu mmoja kuwa mchokozi ndipo huongezwa dakika mbili, na timu yake ikacheza pungufu. Ghali zaidi ni nafasi, maana wanaovaa jezi siku ya mechi ni 20, makipa wawili wakiwamo, na tangu ukomo wa jumla ya mishahara ya kila timu uanze mwaka 2005, timu iliyoufikia humlipa mpiganaji kwa fedha ambazo ingemlipa mfungaji.

Kwa upande wa mchezaji, igawanye ziada kwa misimu anayoweza kweli kucheza, wala si kwa miaka iliyoandikwa. Boogaard aliichezea Rangers mechi 22 pekee kabla ya kuumia kichwa, akafariki mwaka 2011 akiwa na miaka 28, na uchunguzi ukakuta ubongo wake una ugonjwa wa CTE, unaohusishwa na mapigo ya kichwa yanayojirudia.