Picha ya ukutani kwa mabaki ya vitenge

Mabaki ya vitenge yanayofagiwa jioni kwenye vibanda vya mafundi cherehani wa Mwanza yanatosha kutengeneza picha ya viraka, na fundi akiombwa kwa heshima aghalabu huyatoa bure. Cherehani haihitajiki, tafuta boksi la katoni lisilo na mikunjo, rula, mkasi mkali na gundi nyeupe ya maseremala. Uji wa unga wa ngano nao hushika vizuri, ila huvutia mende, kwa hiyo siushauri.

Mtindo ninaoueleza hapa wameutumia sana wanawake wa Gee's Bend, Alabama, Marekani, walioshona mablanketi ya viraka kwa nguo za kazi zilizochakaa: mraba mdogo huzungushiwa vipande virefu vyembamba.

Kata boksi la sentimita 30 kwa 30, ulibandike gazeti pande zote mbili, kisha uligandamize kwa mzigo mpaka likauke. Likibandikwa upande mmoja tu hupinda, hasa wakati wa masika.

Piga vitambaa pasi, vipake gundi nyepesi kwa nyuma na uviache vikauke kabla ya kukata, ili nyuzi zisichomoke pembeni. Halafu vigawe mafungu mawili, vilivyokolea na vilivyopauka. Usidanganywe na rangi: kitenge chekundu na cha kijani huonekana mbalimbali kabisa, lakini ukivitazama kwa macho yaliyofumbwa nusu vikalingana, basi hivyo ni vya fungu moja. Chukua muda hapa, maana uzuri wote wa picha unategemea mpangilio huu.

Bandika mraba wa sentimita 6 katikati. Vipande vinavyouzunguka vyote vina upana wa sentimita 3. Cha kwanza kina urefu wa sentimita 6, cha pili na cha tatu 9, cha nne 12. Endelea hivyo mpaka itimie mizunguko minne, ukianzia upande uleule na kufuata mwelekeo uleule, vipande viwili vya kwanza vya kila mzunguko vikiwa vilivyopauka na viwili vya mwisho vilivyokolea, mpaka picha igawanyike kwa mshazari, nusu ing'ae na nusu iwe kivulini.

Ukitengeneza picha nne na kukutanisha pembe zilizopauka katikati, utapata umbo kubwa lenye ncha nne. Itundike kwa uzi wa wavu mkuukuu, ambao wavuvi wa Mwaloni, soko la samaki la Mwanza, huutupa ungali imara, kwenye ukuta usiopigwa na jua, kwani rangi za vitenge hufifia.