Ukifika Logroño usiende kula mapema

Jamani mkienda Logroño, kule La Rioja Hispania, msiende Calle Laurel, ule mtaa wa baa, saa kumi na moja jioni mkitegemea kula, baa nyingi zinakuwa zimefunga, subirini mpaka kama saa mbili usiku hivi. Huo muda zungukeni kanisa la La Redonda, mcheki ndege korongo kule juu kwenye minara, halafu mshuke mto Ebro kwenye daraja la mawe la 1884 wanapopita mahujaji wanaotembea kwenda Santiago de Compostela. Usiku sasa, baa moja kitu kimoja unahama, ila ule uyoga wa kitunguu saumu wenye kamba mdogo juu na kipande cha mkate chini usiukose aisee, mchuzi unachuruzika hadi kiwikoni. Hunywi mvinyo? Agiza mosto, ni juisi tu ya zabibu.